Sahani ya Pili

Hotuba niliyoitoa kwa wazazi na walimu mjini Tanga, kuhusu mtoto mwenye maradhi ya wasiwasi na dawa zake. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimeondoa tu pale nilipopotea njia.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi wenzangu, asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi.

Nimepewa dakika ishirini na tano, na kwa kuwa mwenyekiti ananijua vizuri, ameniwekea saa hapa mbele.

Mimi si daktari. Nakaa dirishani famasi, huu mwaka wa kumi na saba. Wengi wenu nimewahudumia, na kuna sura hapa naziona nakumbuka hadi dawa zake, msiogope, sitataja. Kazi yangu ni kusema "kutwa mara mbili, baada ya kula" mpaka naota usiku. Lakini siku daktari alipomwandikia mwanangu wa kwanza dawa ya kumeza kila siku, pengine kwa miaka, ile karatasi niliikunja nikaitia kwenye pochi, ikakaa humo miezi saba. Dawa yenyewe ilikuwa rafu ya pili, mkono wangu wa kulia. Nilikuwa naipangusa vumbi kila Jumatatu.

Nimekuja kuwaeleza hiyo miezi saba, kwa sababu nahisi humu ukumbini kuna pochi nyingine zenye karatasi kama ile.

Kabla ya kuja nilimuuliza mwenyewe kama niseme. Ana miaka kumi na nne sasa. Akajibu, "Sema mama, ila jina langu usilitaje, na ile ya choo usiiseme." Basi ya choo sitaisema.

Ilianza akiwa na miaka kumi, na mwanzoni tulifurahi. Mtoto wa kiume ananawa mikono bila kusukumwa! Anatawadha taratibu, haparamii kama wenzake. Bibi yake alimsifu mbele ya watoto wa jirani, yule mtoto akachanua. Kisha udhu ukawa nusu saa. Anaosha mkono wa kulia, anatilia shaka kama kiwiko kimepata maji, anaanza upya tangu viganja. Ndoo ya lita ishirini inakwisha kwa adhuhuri moja. Akifika kwenye mswala takbira nayo inamshinda: anainua mikono, anaishusha, nia haijakaa, anainua tena. Imamu anatoa salamu, mwanangu bado hajaingia kwenye sala. Vifundo vya vidole vikapasuka vikawa kama vya fundi saruji.

Hayo ni yale yaliyoonekana. Yasiyoonekana tuliyajua baadaye sana. Mdogo wake alikuwa wa miezi minane. Mwanangu akipita jikoni akaona kisu, picha inamjia kwamba atamchoma yule mtoto. Hakutaka kumchoma. Katika nyumba nzima hakuna aliyempenda yule mdogo kumzidi yeye, na ndiyo sababu picha ilichagua kusimama pale. Maradhi haya yana ubaya huo: huenda moja kwa moja kwenye kile mtoto anachokithamini. Anayependa ibada humtilia shaka ya ibada, au humletea matusi kichwani katikati ya sala. Anayependa mdogo wake humwonyesha damu. Sasa mtoto wa miaka kumi mwenye picha kama hiyo anajihukumu kuwa ni muuaji, na muuaji hajitangazi. Yeye alikuwa anahesabu kimyakimya mpaka saba ili jambo lisitokee. Hesabu ikikatika anarudia. Shuleni wakatuandikia barua kwamba hasikilizi darasani. Alikuwa anasikiliza jamani, ila alikuwa anasikiliza vitu viwili kwa pamoja.

Walimu, mtoto akikufungulia kitu kama hicho, usishtuke mbele yake. Anayekuja kwako analia kwa kuogopa kwamba atamdhuru mtu, wazo limemjia bila yeye kulipenda, na kulia kwake ndiko kunakokuonyesha hivyo.

Madaktari huyaita OCD. Kwa Kiswahili kila mtaalamu ana tafsiri yake, na mimi nyumbani nayaita wasiwasi wenye amri, kwa sababu hayaishii kutia hofu, yanaamrisha: osha, hesabu, rudia, uliza. Neno wasiwasi lenyewe wazee wa pwani walilitumia pia kwa mtu wa namna hii, mtu wa kurudia udhu, kabla sisi hatujaligeuza likawa la mtihani na marejesho ya mkopo. Kwa hiyo anayesema ni ugonjwa wa Wazungu namwonea huruma. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuueleza wasiwasi kama maradhi ya nafsi yanayotibika. Makadirio ya siku hizi ni mtoto mmoja hadi watatu katika kila mia. Mwalimu mwenye shule ya wanafunzi 600 apige hesabu mwenyewe.

Tulizunguka kama wengine mnavyozunguka. Kombe alikunywa. Tukasafiri kwa mtaalamu mmoja aliyetaka mbuzi mweusi. Kituo kimoja cha afya wakatuambia anadeka, tumtie fimbo. Yote hayo nayapita.

Nitasimama kidogo kwa sheikh wa mtaani kwetu, kwa sababu alisaidia. Alimkalisha kibarazani akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: utaosha mara tatu, ukiondoka bombani hurudi, hata ukihisi hujaosha, maana yakini haiondolewi na shaka. Hiyo ni kanuni ya fiqhi, wenye elimu mnaijua. Akaongeza: "Ile hisia kwamba hujaosha ndiyo maradhi yako, siyo udhu wako." Wiki tatu mtoto alipumua. Halafu wasiwasi ukaacha udhu, ukahamia wote kwenye visu, na huko sheikh hakuwa na habari nako, kwa sababu mtoto hakuwa amemwambia mtu.

Ndipo tukapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa magonjwa ya akili ya watoto. Alimuuliza maswali mengi, sisi tukiwa nje kwa sehemu kubwa. Kuna kipimo cha maswali wanachotumia, alama zake zinaanzia sufuri mpaka 40. Mwanangu alipata 29. Daktari akaeleza mambo mawili, mazoezi ya kukabili hofu hatua kwa hatua, na dawa, akataka vyote viwili vianze. Dawa aliyoandika ni sertralini, ya jamii ya dawa za sonona zinazotibu pia maradhi haya. Nikakunja karatasi.

Nilikuwa naogopa nini, mimi ambaye dawa ndiyo kazi yangu?

Niliogopa atakuwa teja. Hilo nililijua si kweli hata nilipokuwa naliogopa. Dawa hizi hazimpi mtu kiu ya kuzitafuta wala hazimleweshi. Niliogopa atakuwa zezeta, yule mtoto mcheshi aje akae kama gunia. Niliogopa atabaki mfupi. Niliogopa ukoo. Mama mkwe wangu, Mungu amweke, alikuwa na neno lake kwa kila kidonge cha hospitali ya akili: dawa za kichaa. Mume wangu yeye hakugomba, aliuliza tu, "Hana homa, anakula, anakwenda shule. Ugonjwa wenyewe uko wapi mpaka ale dawa miaka?" Sikuwa na jibu. Na zaidi ya yote niliogopa lile onyo.

Onyo hilo lipo kweli, wacha nilieleze vizuri maana linasambazwa vibaya. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikusanya majaribio 24 ya dawa za jamii hii kwa watoto na vijana, zaidi ya watoto 4,400, wengine wenye sonona, wengine wenye wasiwasi huu. Waliopewa dawa, karibu 4 katika kila mia walipata mawazo au vitendo vya kutaka kujidhuru. Waliopewa kidonge cha unga mtupu, karibu 2. Katika majaribio hayo yote hakuna mtoto aliyejiua. Lakini mbili kuwa nne si jambo la kupuuza, na wakaamuru onyo lenye fremu nyeusi liandikwe kwenye karatasi ya dawa. Maana yake kwa mzazi ni kwamba wiki za mwanzo, na kila dozi inapopandishwa au kushushwa, mtoto haachwi peke yake na dawa. Unamtazama usingizi wake, hasira zake, kutotulia kwake, maneno yake. Ukiona jambo geni unampigia daktari siku hiyohiyo, husubiri kliniki ya mwezi ujao. Mimi nililisoma onyo lile kama lango lililofungwa, kumbe liliandikwa kumwambia mzazi namna ya kukaa na mtoto.

Sasa niwaambie kilichonitoa. Stoo ya famasi kuna mizani ya zamani ya shaba, ya sahani mbili, ya enzi zile marhamu zinachanganywa pale pale. Hatuitumii tena. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na mtindo wake: kabla hajaweka kitu sahani ya kulia, anapangusa ya kushoto kwa kidole na kuichungulia. Siku moja nikiwa stoo nimekaa na mawazo yangu, nikaitazama ile mizani, nikaona nilivyojidanganya. Miezi saba nilikuwa napima dawa na madhara yake kwenye sahani moja, na sahani ya pili nimemweka mtoto mzima asiye na dawa, anayecheza mpira. Mtoto huyo hakuwepo nyumbani kwangu. Aliyekuwepo ni mwingine.

Nikanunua daftari. Wiki moja nikaandika kila kitu, kwa saa ya ukutani. Kutawadha, kuhesabu nilikokuona, kusimama mlangoni mwa jiko, kuniuliza mimi. Ilitoka saa nne na nusu kwa siku. Mechi za Jumamosi alikuwa ameacha, eti goti linauma. Alikuwa amepungua kilo tatu. Alikuwa hajambeba mdogo wake tangu mwezi wa Ramadhani. Nikamwekea mume wangu daftari mezani bila kusema neno. Akasoma akiwa amesimama, akavuta kiti, akasoma tena.

Ile miezi saba nilidhani sijampa kitu mtoto. Nilimpa. Nilimpa maradhi miezi saba ya kukomaa.

Nije kwenye dawa zenyewe, kwa ufupi, maana saa ya mwenyekiti inanitazama. Zilizoidhinishwa Marekani kwa watoto wenye maradhi haya ni chache: sertralini tangu miaka 6, fluoksetini tangu miaka 7, fluvoksamini tangu miaka 8, na klomipramini tangu miaka 10. Klomipramini ndiyo kongwe, ilipitishwa huko mwaka 1989, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya maradhi haya haya. Ni dawa yenye nguvu, lakini inataka moyo upimwe, na ikimezwa nyingi kwa mpigo inaua, kwa hiyo nyumba yenye mtoto inataka kabati lenye kufuli. Mtaniuliza amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, najua, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Ni dawa nzuri kwa kazi zake. Kazi hii si yake, na mtoto aliyepewa kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo akakaa mwaka bila nafuu, hajawahi kujaribiwa dawa.

Na usitarajie haraka. Hapa ndipo wengi wanaponirudishia boksi dirishani: "Mama, wiki mbili sasa, haifanyi kazi." Kwa wasiwasi huu unasubiri wiki nane, kumi, kumi na mbili, na dozi inapandishwa polepole katikati. Madhara yanatangulia, faida inafuata. Wangu wiki ya kwanza tumbo lilimsumbua, usingizi ukavurugika, na kwa siku kama tano alikuwa hatulii, anazunguka chumba. Daktari akashusha dozi, tukapanda upya taratibu zaidi. Kimo tunakipima kwenye fremu ya mlango kila miezi miwili kwa penseli, kwa sababu katika jaribio moja la fluoksetini la wiki 19 watoto waliomeza dawa waliongezeka urefu pungufu ya wenzao kwa sentimita 1.1. Kwa hiyo hofu yangu ya ufupi haikuwa ya kijinga. Ilihitaji penseli tu.

Lakini dawa peke yake ningewadanganya. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, watoto 112 wa miaka 7 hadi 17, wiki 12. Waliopewa kidonge kitupu walioondokewa na maradhi walikuwa kama 4 katika mia. Waliopewa sertralini peke yake, 21. Waliofanya mazoezi peke yake, 39. Waliopata vyote viwili, 54. Nilipoziona namba hizo niliudhika. Mimi muuza dawa, dawa yangu inashika nafasi ya tatu! Na Denmark, Norway na Sweden waliwapitisha watoto 269 kwenye mazoezi ya vikao 14, wakaona karibu robo tatu wanapata nafuu ya kutosha bila kidonge hata kimoja. Ndiyo maana kwa mtoto ambaye maradhi yake ni mepesi au ya kati, miongozo ya madaktari inataka mazoezi yatangulie.

Sasa hayo mazoezi, Tanga, unayapata kwa nani? Hapo ndipo mizani yetu inapotofautiana na ya Copenhagen, na sioni haya kusema. Mzazi wa huko anachagua kati ya mawili. Mzazi wa hapa mara nyingi ana kidonge na dua. Mkiambiwa na mtu wa mtandaoni kwamba dawa ni uvivu wa wazazi, muulizeni mtaalamu wa mazoezi yuko kituo gani cha daladala. Sisi tulimpata mmoja Dar es Salaam aliyekubali kwa simu ya video kila Alhamisi jioni, umeme ukiwepo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Mtoto anakaribia kile anachokiogopa, kwa ngazi, na anakataa kutimiza amri. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, aliandika habari za wagonjwa wawili aliowatibu hivyo, na mpaka leo hakuna njia iliyoipita. Ngazi ya mwanangu ilianza na kisu cha plastiki cha keki. Kikafuata kisu cha mkate, kikiwa mezani tu. Kisha kukishika. Ngazi ya juu kabisa aliiandika mwenyewe: kukata embe mkekani, mdogo wake amekaa pembeni, na mama hayupo chumbani. Mama hayupo. Nilisimama uani nimeshika kanga mdomoni. Namsikia yule mdogo anadai kipande, namsikia mkubwa anavuta pumzi. Dakika kumi na moja. Alitoka na embe limekatwa vibaya sana, vipande vya kila namna, jasho mpaka kidevuni, akanipa kokwa.

Hiyo ilikuwa wiki ya kumi na nne ya dawa. Nilimuuliza kama lile wazo limeondoka. Akasema, "Linasema bado. Ila siyo kwa spika."

Sijawahi kusikia mtaalamu aliyeieleza vizuri kuliko hivyo. Bila dawa alikuwa hafiki hata kwenye kisu cha plastiki; tulijaribu mwezi mzima, akatapika. Dawa ilishusha sauti, mazoezi yakamfundisha kutoitii. Kwa mtoto mwingine mazoezi yangetosha. Kwa huyu hayakuanza mpaka kidonge kilipofungua mlango.

Kuna kitu cha tatu ambacho hakiandikwi kwenye boksi, nacho ni sisi wazazi. Mtaalamu alituuliza: mtoto akiuliza "Mama, sijamuumiza?" unajibuje? Nikasema namjibu hapana mwanangu, hujamuumiza. Mara ngapi kwa siku? Daftari lilisema arobaini na kitu. Mume wangu alikuwa anaficha visu juu ya kabati. Bibi alikuwa anamchemshia kijiko chake peke yake. Mimi nilikuwa nanunua sabuni kwa katoni kwa bei ya famasi. Tukiona huruma, kumbe tunaulisha ule wasiwasi kutwa mara arobaini, baada ya kula na kabla ya kula. Kila nilipomjibu alitulia dakika tatu, na akili yake ikajifunza kwamba bila jibu la mama hakuna kutulia. Kuacha kujibu ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya kama mzazi, na uchungu wa kuzaa nimeuonja mara tatu. Tulimwambia mapema kwamba tutaacha, tukamwambia ni kwa nini, na jibu letu jipya likawa: "Huo ni wasiwasi unauliza, mimi naongea na wewe." Wiki ya kwanza alinichukia. Bibi alihamia kwa shangazi kwa muda.

Na jambo la mtoto mwenyewe kujua anachokimeza. Shangazi yake mmoja alinishauri niiponde niitie kwenye juisi ya ukwaju, asijue. Waswahili tunasema mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa, sawa. Huyu anayeishi na shaka ya kila kitu, siku akigundua juisi ya mama ina kitu, atakunywa nini tena nyumbani? Nilimketisha nikamweleza ni dawa gani, inafanya nini, itamuudhi wapi, na kwamba akiona haifai tutakwenda naye kwa daktari aseme mwenyewe. Aliuliza maswali mawili. Je, atakuwa kichaa? Na je, itavunja funga? Ya kwanza nikajibu mimi. Ya pili nikampeleka kwa sheikh, wakapanga anywe baada ya futari.

Sasa ule muda mrefu, ambao ndio ulioniogopesha tangu mwanzo. Nilidhani natia saini maisha yake yote. Miongozo ya Uingereza inasema mtoto akishapona aendelee na dawa angalau miezi sita. Ya Marekani inasema miezi sita hadi kumi na mbili, halafu ijaribiwe kupunguzwa, polepole, kipindi ambacho maisha yametulia. Wapo wanaoacha wasirudi tena. Wapo ambao kila ikipunguzwa maradhi yanarudi, na hao hukaa nayo miaka, kama mwenye pumu anavyokaa na dawa yake. Huwezi kujua wako ni yupi kabla ya kujaribu, na huwezi kujaribu kiholela. Kipindi kilichotulia maana yake si wiki ya mtihani wa kidato cha pili, si mwezi wa kuhama nyumba, wala si pale boksi lilipoisha na mshahara haujaingia. Hili la mwisho naliona dirishani kila mwezi. Dawa ikikatwa ghafla mtoto anapata kizunguzungu, hasira, kichwa, ndoto mbaya, na mzazi anasema "mnaona, imemharibu". Nunueni wiki mbili kabla haijaisha. Ikikosekana, mpigieni daktari kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa.

Sisi tulijaribu likizo ya Desemba, baada ya mwaka mzima wa heri. Hatua ya kwanza salama. Hatua ya pili, wiki ya tatu, nikasikia bomba la uani linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa. Nilikaa kitandani nikahesabu mimi badala yake. Asubuhi akaja mwenyewe jikoni, akasema, "Mama, spika imerudi." Tukarudi kwenye dozi ya awali. Nililia, yeye hakulia. Alisema sasa anaijua sauti yake inaanzaje, safari iliyopita hakuijua. Mimi nilikuwa nimehesabu kushindwa. Yeye alikuwa amehesabu kitu kingine.

Mwenyekiti ameanza kukohoa, namwelewa.

Alama zake kwenye kile kipimo, mara ya mwisho, zilikuwa 9. Anapiga miayo sana, hayo ni madhara ya dawa na anaomba niwaambie walimu kwamba hajachoshwa nao. Tangu mwezi wa nne tumeanza kushusha tena, safari hii kila hatua miezi miwili, na mazoezi hayajasimama hata wiki moja. Yuko kwenye nusu kidonge. Ijumaa ijayo daktari akikubali tunashuka robo. Daftari ni lilelile la kwangu, lakini siku hizi silishiki mimi. Anaandika yeye kabla ya kulala, na kwa ruhusa yake nimeuona ukurasa wa jana. Umeandikwa: udhu dakika nne, kuhesabu mara moja, nikaacha. Chini yake: nimembeba mdogo kutoka madrasa mpaka nyumbani, mzito.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nitakuwa pale nyuma karibu na birika la chai, mwenye karatasi kwenye pochi aje nayo.